Maji Yanayopanda Mlima

Jana nilikuwa nasoma riwaya ya watu waliohamia nyota nyingine. Mvua ikanyesha, na harufu ya mkorosho uliolowa ikanirudisha kwenye njia ya maji, Newala.

Nilikuwa bado mtoto, na tulikuwa tunapanda na maji kutoka bondeni, mimi, mama, shangazi na wanawake wengine. Mama alikuwa amekwisha kusema mgongo wake umechoka, kwa hiyo niache shule nimsaidie kuchota. Tulipotua mitungi kupumzika, nikawasomea wanawake kitabu nilichoazimwa na mwalimu. Ndani yake watu waliruka hadi mwezini, na hakuna aliyeguna. Kisha nikafika mahali maji yanapopanda mlima ndani ya bomba mpaka mlangoni kwa mtu.

“Wifi, mwanao anatudanganya!” shangazi akamwambia mama huku akicheka. “Mwezini sawa, watafika. Lakini maji yapande Newala?”

Wote wakacheka, isipokuwa mama.

“Soma tena hapo,” akasema.

Nikasoma tena, polepole. Mama akatazama mteremko tulioupanda, kisha akanitwika mtungi wangu, majani mabichi ya kuzuia maji yasimwagike yakielea juu yake.

“Kesho nenda shule,” akasema. “Kamuulize mwalimu bomba hilo linatengenezwaje.”