Benchi Jekundu la Etelka

"Kahawia!" Vilma alipiga meza kwa kiganja. "Benchi la mama yangu litapakwa kahawia, wifi, na litapakwa leo."

"Kahawia ni rangi ya kuku aliyenyeshewa," Etelka akamjibu bila kugeuka. Alikuwa amepiga magoti jikoni kwake, mafuta ya kitani hadi viwikoni, akipitisha msasa kwenye mguu wa benchi taratibu kama anayemwogesha mtoto.

"Una miaka sabini na moja!"

"Benchi lina zaidi, na halijalalamika."

"Mjane mzima na benchi jekundu! Watu watasema unatafuta mwanamume."

"Wakisema, waje na majina. Nitachagua."

Vilma alitazama huku na huku apate pa kukaa, akakosa, maana kila kiti mle ndani kilikuwa ama kinakauka ama kinasubiri mguu. Ikabidi agombe akiwa amesimama.

Pale kijijini kwao rangi si jambo la mchezo. Bibi harusi huingia kwa mume na vyombo vyekundu: sanduku jekundu, kitanda chekundu, benchi jekundu. Akishalea watoto wakakua, hupaka buluu juu yake. Msiba ukibisha hodi hupaka kahawia, na kahawia ikishaingia ndani haitoki tena mpaka mwenyewe atolewe. Hajawahi kuonekana mwanamke aliyerudi nyuma, toka kahawia hadi nyekundu. Na kama yupo, Vilma hakuwa na habari zake, na Vilma alikuwa na habari za kila mtu.

"Mimi na marehemu kaka yangu tulizaliwa tumbo moja," Vilma akaendelea. "Benchi hili ni la mama yetu, kwa hiyo nusu ni yangu. Lisipokuwa kahawia kabla ya Pasaka, nakuja na mkokoteni, nalichukua, nalitia bandani kwangu."

Etelka alijua kwamba hayo si maneno matupu. Wifi yake huyo aliwahi kuja kudai saa ya ukutani ya ukoo, akaing'oa ikiwa katikati ya kugonga saa sita, na saa ikamalizia kugonga ikiwa njiani.

Ugonjwa wa kufufua samani ulimshika Etelka mwaka aliofiwa na mume. Kila masika kuna siku ya kutupa makorokoro, na kijiji kizima hutoa barabarani kila kitu ambacho kimechoka kukitazama. Etelka alitoka kwenda kutupa godoro, akarudi na kigoda cha miguu miwili. Akakichongea mguu wa tatu, akaubandika kwa gundi ya mifupa aliyoichemsha kwenye sufuria ya supu. Ile gundi ilinuka hadi korongo waliokuwa wametaga juu ya dohani lake wakabeba kiota chao, mayai yakiwa ndani, wakahamia kwa jirani. Jirani mpaka leo anadhani alibarikiwa, maana kwao korongo ni ndege wa heri.

Baada ya kigoda likaja kabati, limeliwa na wadudu bungua hata kisibaki cha kuliwa. Alipolinyanyua barabarani aligundua kwamba mbao zilikuwa zimeshikiliwa na bungua wenyewe, walioshikana mikono. Akalitibu hilo nalo. Polepole akajua kwamba rangi ya zamani hukwanguliwa kwa kisu butu, si kikali, na kwamba mbao husuguliwa kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi zake, la sivyo zinanuna. Alichotengeneza hakuuza. Nyumba ilijaa, watu wakaanza kupita ubavu ubavu.

Lakini benchi hili hakuliokota. Alilikuta jikoni siku alipoolewa, likiwa kahawia, mama mkwe wake Bi Zsófia ameketi juu yake akiwa na nguo ya kahawia, hata hukujua benchi linaishia wapi na mama mkwe anaanzia wapi. Majira ya baridi haya rangi ilianza kubanduka, Etelka akasema aikwangue apake upya, kahawia ile ile, wallahi. Chini ya kahawia akakuta kahawia nyingine. Chini yake buluu. Na asubuhi moja, chini ya buluu, nyekundu ikachomoza chini ya kisu kama shavu la mtoto aliyetoka kwenye theluji, na maua ya tulipu juu yake. Etelka akakaa sakafuni akacheka mpaka kahawa ikapoa. Tangu hapo moyo ulikataa kulifunika. Angempa Vilma vyote vilivyomo ndani, hata kabati la bungua, ili aachiwe benchi hilo kama lilivyo.

"Nyekundu hii ni ya mama yako mwenyewe," Etelka akamwambia.

"Muongo wewe," Vilma alisema. "Mama hakuwahi kuwa na kitu chekundu. Hata nyanya alizikata akiwa amegeuza uso."

"Basi inama uone."

"Sioni kitu."

"Vaa miwani."

"Ninayo!"

"Iko utosini, wifi. Ishushe."

Vilma akaishusha, akainama. Kwenye mgongo wa benchi tulipu zilijipanga wima kama askari, kazi ya fundi seremala. Pembeni kabisa lilikuwapo ua moja peke yake, limelalia kushoto kama limelewa, na chini yake matone matatu.

Vilma akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Kila Pasaka Bi Zsófia alikuwa akichukua unyoya wa bata bukini na kuchora mayai. Watoto wote walicheka ua lake lililopinda, na matone yake matatu, naye akijibu tu kwamba kwao ndivyo linavyoota. Vilma alilijua ua lile kama pua yake.

"Hili alichora mwenyewe," akasema.

"Fundi angelipinda hivyo angefukuzwa."

"Alikuwa msichana." Vilma aligusa ua kwa ncha ya kidole. "Mimi nilidhani alizaliwa na kile kitambaa cha kahawia kichwani."

Etelka alikuwa na neno zuri mdomoni, akalimeza. Alimjua wifi yake: ukimhurumia anakimbia. Akammiminia pombe ya plamu kwenye kikombe kidogo, akarudia msasa wake.

Vilma akainywa kwa mkupuo, akasogea karibu zaidi. "Na huku nini?"

"Palibanduka, nikaziba. Nikachora ua lingine kama lile, kwa unyoya huu hapa."

"Umeweka matone mawili."

"Ndiyo."

"Ni matatu! Miaka yote umekula mayai ya mama yangu hujui hata matone?"

"Nilikuwa nayamenya, sikuyasoma."

"Nipe huo unyoya."

Vilma akapiga magoti, magoti yakalia kama kuni kavu. Akakunja mikono ya sweta lake la kahawia. Etelka akamshikia kopo la rangi nyekundu. Tone la tatu likatua mahali pake.

"Hili ua nalo limekonda."

"Linenepeshe."

"Usinifundishe." Akalinenepesha. Nyekundu ikampanda kiganjani, ikafika kiwikoni; alipojikuna, ikafika puani.

"Sasa ile kahawia tuipake lini, wifi?" Etelka aliuliza kwa sauti ya mtakatifu.

"Nyamaza, unanitikisa mkono." Vilma akachora jani, akarudi nyuma kulitazama, kisha akashusha sauti. "Wifi, hebu niambie. Kile kitanda changu, chini ya kahawia, unadhani kuna..."

Mlango ukafunguka. Alikuwa Katinka, mkaza mwana wa Vilma, ambaye wiki iliyopita tu alirudishwa dukani na mapazia yake mekundu kwa amri ya mama mkwe huyu huyu. Alikuja kumwita mezani, supu imeshapakuliwa. Akatazama benchi. Akatazama unyoya. Akaitazama pua ya mama mkwe.