Siku Mama Alipomwona Mdogo Wake Kwenye Sinema

Sinema ya Kasese ilikuwa jengo refu la mabati, si mbali na stesheni ya reli. Mvua ikinyesha hatukusikia neno. Tulitazama midomo ikicheza tu. Mbele kulikuwa na mabenchi ya mbao, nyuma viti vyenye migongo vya makarani na familia za Wahindi. Milango ya pembeni ilifunikwa na mapazia mazito, mekundu yaliyokolea, ili jua lisiingie, maana jua la Kasese huingia popote. Ukuta wa mbele ulipakwa chokaa nyeupe, na picha zote tulizoziona utotoni zilipita juu ya chokaa hiyo.

Baba yangu alikuwa mtu wa Munkunyu, na kazi yake ilikuwa kupakia shaba kwenye mabehewa. Mama alizaliwa upande wa Kongo, karibu na Butembo. Lugha ya nyumbani ilikuwa karibu ileile pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo ndoa kama yao hazikuwa jambo la ajabu. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao Kongo, na hakukibadili mpaka alipokufa.

Wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa. Alibakiwa na mdogo wake mmoja wa kiume, fundi cherehani. Vita vilipoingia upande ule, watu wakaanza kukimbilia kwetu, Mama akawa anakwenda Mpondwe, mpakani, kila siku ya soko kuwauliza waliovuka. Hakuna aliyemwona huyo fundi. Wengine walisema kijiji chote kilichomwa. Baada ya muda Mama akaacha kwenda. Alifunga kitambaa cheusi kichwani, na jina la mdogo wake halikutajwa tena nyumbani.

Sinema hakuipenda. Alisema ni mahali pa giza, na mtu aliyetoka kupokea komunyo hana shughuli gizani. Siku aliyokubali kwenda, alikwenda kwa ajili yangu. Nilikuwa msichana mdogo, nimetoka kuugua surua, na nililia mpaka Baba akasema, "Mama watoto, twende tu. Mtoto amepona, acha afurahi kidogo." Ilikuwa Jumapili mchana, baada ya misa. Tukakaa mabenchi ya mbele, mimi katikati yao.

Kabla ya picha yenyewe walionyesha habari. Waziri alifungua shule. Wakulima walipima pamba. Halafu nikaona mahali ninapopajua: forodha ya Mpondwe, malori, na watu wanavuka. Walibeba magodoro, kuku, watoto. Mwanamume mmoja aliyevaa koti refu lililomzidi, cherehani begani, alipita karibu sana, akageuza uso akatutazama, akapotea.

Mama akanishika mkono, akaubana hadi ukaniuma.

"Ule ni mudogo yangu," alisema. Hakupaza sauti.

Baba akainama. "Watu wanafanana."

"Hapana. Umeona mukono? Iko nabeba na kushoto. Na ile mashini ni ya baba yetu."

Picha ikaanza, nayo sikumbuki hata kidogo ilihusu nini. Nilikuwa namtazama Mama. Alikaa wima, macho ukutani, na nadhani hakuona chochote cha yale yaliyopita pale. Ilipokwisha, watu wakatoka, mapazia yakavutwa, jua likaingia. Mama hakuinuka. Baba alimwita mara kadhaa kwa upole, kisha akakaa tena.

Mwenye sinema akatujia. Alikuwa Mhindi mwembamba, shati jeupe, aliyeuza tiketi mwenyewe mlangoni kisha akapanda juu kuendesha mashine.

"Mama, sinema imekwisha," alisema.

Baba akamweleza. Yule bwana alisikiliza akiwa amesimama, akamtazama Mama, akaenda kufunga milango na kushusha mapazia yote, moja baada ya jingine. Akapanda ngazi. Ukumbi ulikuwa mtupu, sisi watatu tu. Waziri akafungua shule tena. Pamba ikapimwa. Mjomba wangu akapita na cherehani begani, akageuza uso.

"Simamisha hapo," Mama aliita. "Simamisha, nimutazame."

Sauti ikajibu kutoka juu, kwenye kijidirisha kidogo. "Siwezi, Mama. Nikisimamisha, filamu inaungua. Narudisha mwanzo."

Akarudisha. Akaionyesha tena, na tena, hadi Mama aliposema, "Inatosha. Mungu akubariki, Bwana."

Wiki ile Baba aliomba ruhusa kazini akaenda Mpondwe. Wachukuzi wa pale forodhani walimkumbuka fundi mwenye koti. Walisema alipanda lori la wafanyabiashara wa samaki kwenda Kahendero, kando ya ziwa. Baba akarudi kutuchukua, tukaenda wote.

Kahendero tulimkuta mama mmoja mnene, mkaushaji samaki, ambaye ndiye alimpa mjomba pa kulala. Alitukaribisha, akatupa maji, akakaa. Kisha akasema, "Alikuwa anauliza dada yake kila siku, hajui anakaa wapi. Mtu moja wa soko akamwambia: yule mama wa Kasese alikuwa anakuja mpakani kila soko kuuliza ndugu yake. Sasa haji tena. Lazima amevuka, ameenda Kongo kumtafuta. Asubuhi huyo kijana akaenda. Nilimkataza. Hakusikia."

Mama aliuliza ni lini.

"Miezi imepita. Mashini aliniachia. Alisema atarudi na dada yake, waichukue pamoja."

Aliitoa ndani, imefungwa kwenye shuka. Mama akakaa chini, mbele ya vichanja vya kukaushia samaki, akaiweka mapajani. Kisha akasema, "Alinitafuta," akasimama, akamshukuru yule mama kwa mikono miwili.

Mjomba hakurudi. Tulituma maneno kwa kila mfanyabiashara wa Butembo aliyepita Bwera, karibu na mpaka, na hakuna aliyeleta habari.

Mama akajifunza kushona kwa cherehani ile. Tangu hapo, kila habari zilipobadilishwa kule sinema alikwenda kutazama. Picha ikianza anatoka. Mwenye sinema alimpitisha mlangoni bila tiketi, naye hakuwahi kumwuliza kama amemwona mdogo wake.

Kisha ikatangazwa kwamba Wahindi waondoke nchini. Yule bwana akaja nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza, amebeba furushi kubwa jekundu. Yalikuwa mapazia ya sinema.

"Mama, nishonee mifuko," alisema. "Ya nguvu. Watoto wangu watabeba."

"Na sinema?" Mama aliuliza.

"Sinema imekwisha, Mama."

Alishona siku nzima na nyingine, mshono juu ya mshono. Siku ya safari tukaenda stesheni kuwaaga. Askari walikuwa wamewapanga watu foleni, wanapekua. Mmoja alichukua kisu akapasua mifuko ile pembeni, akitafuta dhahabu. Zilimwagika nguo za watoto, sufuria, picha ya harusi. Yule bwana alisimama mikono imening'inia. Mke wake aliokota sufuria, akaiweka chini tena.

Mama aliondoka pembeni yangu. Alikuwa na sindano kwenye ukingo wa kitenge chake, kama kawaida ya washonaji. Akapiga magoti, akarudisha nguo mfukoni, akaanza kushona.

"Wewe mama, toka hapo. Haraka."

"Afande, nimalize mushono tu," alisema, bila kuinua kichwa.

Nilimwona Baba akifumba macho. Askari alisimama juu yake, kisu mkononi. Sijui alifikiri nini. Akageuka, akaenda kwa familia iliyofuata. Mama alishona mfuko wa kwanza, akashona wa pili, akakata uzi kwa meno. Yule bwana akagusa kifua chake, wakapanda. Garimoshi likaondoka.

Ukumbi walipewa watu wengine. Mwenye sinema mpya alikuja kumwomba Mama amshonee mapazia mapya. "Sina nafasi," Mama alimjibu, na Baba akamtazama, maana wiki ile hapakuwa na kazi. Wakaonyesha picha hivyo hivyo, mchana mweupe unaingia ubavuni, watu kwenye chokaa wamefifia kama wagonjwa. Haikuchukua muda mashine ikaharibika, na hapakuwa na wa kuitengeneza. Wakafunga.

Mara ya mwisho kuingia mle pamekuwa ghala; nilikuwa msichana mkubwa, nimetumwa kununua mbegu za mahindi. Magunia yalipangwa mpaka darini, na mabenchi yalikuwa yamechukuliwa. Mtu wa ghala akanipimia, nikajitwika, nikatoka.