Upande wa Kushoto

Dada yangu alikuwa akiifundisha kompyuta kuona. Msicheke, ndiyo kazi yenyewe. Pale chuoni walichunguza jicho la binadamu na jicho la mashine, naye alipewa picha za barabarani: kila mtu anayemwona, amchoree kisanduku kwa kipanya. Mashine ikajifunza kwake kwamba huyu mtu, ile nguzo.

Nyumbani akaanza kujigonga milangoni kwa bega la kushoto. Majirani wakamnunia, eti anaringa, anapungiwa mkono anapita zake. "Mimi nimempita nani?" aliniuliza, na masikini hakujua.

Siku aliyogongwa na pikipiki iliyotokea kushoto ndipo tukajua. Daktari akasema kuna uvimbe kichwani umebana mishipa ya kuonea, na kushoto kote kumekwenda.

"Mbona sioni giza?" dada akauliza.

"Ubongo hauachi pengo," daktari akajibu. "Unajaziajazia wenyewe. Barabara unaiona, watu huwaoni." Akasema uvimbe ungeondolewa mwaka jana, macho yangepona. Sasa tunamwomba Mungu hata huo upande wa kulia ubaki.

Nikaenda chuoni kuchukua vitu vyake. Rafiki yake wa dawati moja akanipokea kwa machozi.

"Mashine iligundua zamani," akasema. "Tangu mwaka jana, ikilinganisha visanduku vyake na vyetu wengine, ilionyesha kwamba anawaruka watu wa kushoto. Msimamizi akaniambia niwe nawachora mimi."

"Mkamwambia?"

"Mdogo wangu, ningemwambiaje? Angeachishwa kazi. Nilikuwa namsitiri."

Kumsitiri! Huko ni kumsitiri au kumzika? Na msimamizi yuko palepale, macho kwenye skrini, kama hayamhusu. Visanduku vyake vilitimia, shida yake nini?

Jioni rafiki akaja hospitali, dada amesinzia. Akakaa kwenye kiti cha kushoto, akilia bila sauti. Dada akafumbua macho, akaniona mimi tu, niliyekuwa kulia.

"Rafiki yangu hajaja?" akauliza. "Yule ndiye pekee ambaye hakuniita mwenye maringo. Mpigie, mwambie namshukuru."

Rafiki akanitikisia kichwa, kidole mdomoni: nisiseme. Nilimhurumia, wallahi. Lakini tumemsitiri mgonjwa wetu vya kutosha.

"Dada," nikasema, "geuka kushoto. Geuka zaidi. Ana neno la kukwambia."