Mshenga Aliyeshinda Ubishi

Wako watu waliokataliwa posa kwa ajili ya mahari, wengine kwa ajili ya kabila, wengine kwa maneno ya majirani. Posa niliyoipeleka mimi ilikataliwa kwa sababu nilibishana na mwenye nyumba mpaka nikamshinda. Nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa Maalim Juma wa msikitini kwetu, niliyekwenda naye, maana yeye akilisimulia hutia na miguno yake, na aibu niliyonayo inanitosha bila miguno ya mtu.

Posa ilikuwa ya Hamisi, mtoto wa dada yangu. Hamisi ana miaka arobaini na tatu. Alikuja Kanada kijana, akaingia kazi za ghala, mchana akilala usiku akibeba, akisomesha wadogo zake kule Tanga mmoja baada ya mwingine, na siku aliyoinua kichwa aangalie na mambo yake akakuta masharubu yameshaanza mvi. Ndipo akampata Zainabu, binti wa Mzee Salim wa Pickering, mji wa jirani, mwenye miaka thelathini na moja, anayefanya kazi kwenye zahanati ya mazoezi ya viungo. Niliambiwa walijuana hapohapo zahanati, nikaridhika, sikuuliza mtu mzima na akili zake alifuata nini zahanati (ningeuliza, leo nisingekuwa na kisa cha kusimulia).

Sasa kwetu muoaji hajiombei mwenyewe, ana mshenga wa kumsemea, na mshenga nilikuwa mimi, mjomba wake, Mbaraka bin Kombo, mtu ambaye mtaa wetu wote wa Malvern unajua kwamba maneno hayajawahi kunipungukia. Kazi yenyewe nilikuwa nimeshalainishiwa. Bi Rukia, dada yake Mzee Salim, ndiye aliyemlea Zainabu baada ya mama yake kufariki, na alinipigia simu akanipa siri ya nyumba.

"Kaka Mbaraka, kwenye dini ya kijana wenu hatuna neno, kwenye kazi hatuna neno. Kinachomsumbua ndugu yangu ni umri. Lakini naona analainika. Wewe njoo useme mtu mzima ametulia, anajua anachokitaka, ukae kimya, unywe chai."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu yote. Utulivu, utu uzima, chai.

Hamisi naye akaniongezea la kwake. Alisema, "Mjomba, Mzee Salim ana ugonjwa wa futiboli ya hapa, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Akiitaja mwambie huijui, atafurahi kukufundisha." Ushauri mzuri kabisa, na ningeufuata hakuna ambacho kingetokea. Lakini mimi nikajiuliza, mshenga gani huyo anayekwenda kwa mtu bila kujua mwenyeji anapenda nini, nikaona heri nijifunze kidogo nimpendeze mzee. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo tu, niliufanya nikiwa napiga mswaki.

Kujifunza kwenyewe sikuangalia hata mechi moja. Nilichofanya ni kukaa chumba cha chakula pale kazini na kusikiliza, maana msimu ule wa baridi wenzangu walikuwa hawana hadithi nyingine. Timu ya jiji ilikuwa imesajili mpokeaji mpya, kijana wa miaka ishirini na tatu ambaye kazi yake ni kuchomoka pembeni na kudaka mipira inayorushwa kutoka mbali, na washabiki wakagawanyika: yule mpokeaji mkongwe, nahodha, abaki awaongoze vijana au aambiwe ahsante aende zake? Mwenzangu Devon, Mjamaika anayeendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo, alikuwa upande wa kijana na ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Wa upande wa mkongwe walikuwa wapole, wanasema taratibu huku wanatafuna, sikuwasikia vizuri. Kwa hiyo nilihifadhi ya Devon, neno kwa neno, na nikajiona nimeiva.

Siku ya siku ikafika, Jumapili, theluji imejaa mpaka magotini. Hamisi ndiye aliyetuendesha mimi na Maalim Juma, kwa sababu macho yangu na barabara kuu wakati wa theluji hayapatani tena, na mpango ulikuwa atuteremshe kisha akazunguke huko kwenye maduka mpaka tumwite. Bi Rukia alipofungua mlango akamwona ndani ya gari, akasema mtoto wa watu hawezi kugandishwa nje ya nyumba yake eti kwa sababu ya mila. Akaingizwa, akakalishwa kwenye kiti karibu na mlango, pembeni ya viatu vyetu vinavyochuruzika maji, kwa sharti asiseme kitu. Zainabu alikuwa jikoni, mlango umerudishwa nusu.

Mzee Salim alitupokea vizuri sana. Chai ya tangawizi ikaja, sambusa zikaja, kaimati zikaja. Maalim akasoma dua, akaiweka barua ya posa kwenye sinia. Mimi nikasafisha koo, na nilikuwa nimeshatamka, "Mzee Salim, sisi wageni wako tumekuja na neno," wakati televisheni iliyokuwa imenyamazishwa ukutani ilipoonyesha picha ya yule mpokeaji mpya, anacheka na jezi mkononi.

Mzee Salim akaguna. "Wamesajili mtoto," akasema. "Mbio anazo, sikatai. Lakini siku mambo yakiharibika uwanjani, nani atawatuliza? Mtu mzima ana nafasi yake. Timu bila mtu mzima ni vurugu tu."

Naomba mnielewe hapo. Mzee ambaye tatizo lake lilikuwa umri wa mpwa wangu, ametamka kwa kinywa chake kwamba mtu mzima ana nafasi yake. Mlango ulikuwa wazi, ningesema tu, "Umesema kweli, mzee, na sisi mtu mzima tunaye, yule pale mlangoni," tungekuwa tumemaliza kabla kaimati hazijapoa. Badala yake nikajisikia nasema, "Mzee Salim, hapo nitakupinga kidogo."

"Kumbe unaifuata?" akauliza, uso umechangamka.

"Sana," nikasema.

Basi tukaanza. Yeye akasema mkongwe anawafundisha vijana kukaa mkao. Mimi nikasema kufundisha ni kazi ya mwalimu, mwalimu wanaye, analipwa, mchezaji kazi yake kukimbia. Yeye akasema mkongwe ana uzoefu. Mimi nikasema uzoefu haudaki mpira. Nilivyoona anatafuta neno, damu ikanichemka (ndivyo nilivyo, hata nyumbani mke wangu akiniambia leo baridi mimi hutafuta sababu ya kusema jana ilizidi), na nikaanza kumwaga ya Devon, ila Devon husema kwa utani, mimi niliyasema kwa sauti ya mshenga, pole pole, na mkono mmoja kifuani.

Nikasema, "Mzee, ukimchukua mtu aliyeshavuka umri, unachukua sifa za jana. Mwaka wa kwanza utamwona mzima. Mwaka wa pili goti. Wa tatu unamuuguza, na wewe ndiye uliyemtaka."

Maalim akanikanyaga mguu. Nikadhani ananipa moyo. Hamisi akakohoa pale mlangoni, nikadhani ni baridi. Bi Rukia alikuwa anamimina chai, akaacha birika hewani. Kule jikoni vyombo vilivyokuwa vinalia vikanyamaza, na hilo nalo niliona ni heshima, nyumba nzima inanisikiliza.

Nikamalizia, "Sasa nikuulize wewe mwenyewe. Una nafasi moja tu. Amekuja kijana na amekuja aliyechakaa. Unamchukua nani?"

Mzee Salim aliweka kikombe chini. Akaliangalia zulia, kisha akasema, "Bwana Mbaraka, umenishinda."

Nikasema, "Alhamdulillahi." Wallahi nilisema hivyo.

"Mimi nilikuwa nimeshajituliza," akaendelea, kwa upole kabisa. "Nilijiambia mtu mzima ana utulivu, nikataka kukubali. Lakini ulivyolipanga, sina jibu. Yule kijana wenu ana miaka mingapi vile?"

Hapo ndipo nilipoamka. Sambusa iko mkononi, siwezi kuila wala kuirudisha. Nikajaribu kugeuza gari. Nikasema mpira ni mpira na ndoa ni ndoa. Akasema ya goti hayakuwa ya mpira peke yake, goti ni la mtu. Nikasema uzoefu una faida zake. Akasema, "Si umesema haudaki mpira?" Nikasema na utulivu je? Akasema, "Hilo lilikuwa la kwangu, nawe umelivunja." Kila nilipoweka mguu nilikuta nimeshapaharibu mwenyewe, na Mzee Salim hakuwa ananitania, alikuwa anasikitika kweli, kama mtu aliyeonyeshwa kosa kabla hajalifanya na anamshukuru aliyemwonyesha. Akalivuta sinia, akaishika ile barua, akamnyooshea Maalim.

Nikasikia kiti kinasogea. Hamisi alikuwa amesimama, soksi zimelowa, mikono ameikutanisha mbele.

"Mzee, naomba radhi, najua si mahali pangu kusema," akasema. "Lakini mjomba hajaangalia mechi hata moja maishani mwake."

Mzee Salim akanigeukia. "Ati?"

Nikasema naifuata kwa karibu.

"Timu hapa inapewa majaribio mangapi ya kusogeza mpira?"

Nikasema manne, kwa uhakika kabisa, maana nilikuwa nimewahi kusikia manne.

"Manne ni ya Marekani," akasema. "Hapa ni matatu. Mtoto wa chekechea anajua."

Bi Rukia akaweka birika chini na kujifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Ningeweza kuondoka ningeondoka, lakini viatu vyangu vilikuwa nyuma ya Hamisi, na Hamisi alikuwa hajamaliza.

"La goti ni kweli," akamwambia mzee. "Sitaki uje usikie baadaye. Goti la kushoto linanisumbua, nililiumiza kazini, ndilo lililonipeleka pale zahanati. Na miaka ni kweli. Ilikwenda kwa wadogo zangu, na ningerudishiwa ningeitumia vilevile. Sina cha kubishana, mzee. Nimekuja kuomba."

Mlango wa jikoni ukafunguka. Zainabu Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza hichohicho akamwambia baba yake kwamba goti hilo yeye ndiye aliyelitibu, analijua kuliko mtu yeyote mle ndani, na kwamba katika ubishi wote ule hakuna aliyekumbuka kumuuliza yeye anamtaka nani. Kisha akatazama upande wangu, akatikisa kichwa, akarudi jikoni.

Ile barua ilikuwa bado mkononi mwa Mzee Salim. Mwishowe akampa Maalim. "Hii rudini nayo leo," akasema. "Mje tena Jumapili ya mbele. Wewe Maalim ndiye uje useme." Akamwangalia Hamisi. "Na wewe uje, usikae mlangoni." Mimi hakunitaja, wala hapakuwa na haja.

Njiani kurudi Maalim alisinzia, au alijifanya. Theluji inaanguka, Hamisi anaendesha, macho mbele. Nilimsubiri anilaumu, nikawa nimeshatayarisha na majibu, kwamba yeye mwenyewe hakukohoa kwa nguvu, kwamba Maalim angenikanyaga zaidi. Tulipopita daraja la mto akaniuliza, "Mjomba, vile ulivyosema, ndivyo unavyoniona?"

Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Nilikuwa nabishana tu."

"Najua," akasema. "Ulikuwa umesahau kwamba nipo."

Majibu yote niliyokuwa nayo hayakunifaa. Niliangalia dirishani mpaka Malvern.

Jumapili iliyofuata walikwenda bila mimi, Maalim akasema maneno machache, wakakubaliwa. Harusi ilifanyika kabla ya mwezi wa Ramadhani na nilikula pilau kama mgeni mwingine yeyote, meza ya tatu kutoka nyuma. Dada yangu kule Tanga bado ananiuliza kwenye simu imekuwaje mwanawe akaposewa na mtu baki wakati mjomba yupo hai, na kila akiuliza namwambia mtandao unakatika. Kinachoniuma ni kwamba mshenga ni wa maisha. Mwezi uliopita Hamisi na mkewe walikwaruzana kwa jambo dogo la nyumba, na aliyeitwa kwenda kuwasuluhisha ni Maalim Juma, mimi nikaja kulisikia msikitini limeshapoa.

Mzee Salim na mimi hatuna ugomvi. Tukikutana hunisalimia kwa furaha, na kila mara huniuliza, "Bwana Mbaraka, kwenye usajili wa safari hii uko upande gani?" Na maneno ninayo, hayajaniishia, Devon ananipa mapya kila siku. Lakini siku hizi nikiulizwa upande gani, kwanza nageuza shingo niangalie ni nani amekaa mlangoni. Nikishamwona, nasema mimi sijui mpira.