Vizibo vya Mpira na Sare Nyeupe ya Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika sokoni Newala na kurudi, najihesabu nimesafiri, naomba maji ya kuoga na pole juu yake. Kwa hiyo mke wangu aliponiuliza stesheni wagoni ya marehemu baba ina faida gani kwa mtu asiyekwenda popote, alikuwa na haki. Nilishaifufua injini, nikachomea viraka, nikapaka rangi, na muda wote huo gari lilikuwa halijatoka nje ya ua wetu.

"Mnunuzi wa chuma chakavu atapita mwisho wa mwezi," akasema. "Na Jumamosi mama ana harusi ya mjukuu wake Masasi. Mfikishe na sare yake ikiwa nyeupe. Ikifika nyekundu, gari linaondoka na chuma chakavu."

Mama mkwe anakaa Mkunya, ni mama wa kanisa, na ile sare yake huipiga pasi mpaka unaogopa kuisogelea. Barabara, kwa upande wake, ina vumbi jekundu lisilojali kanisa la mtu.

Tatizo lilikuwa sakafu. Sakafu ya gari la zamani ina matundu, na si ya kutu, ni ya kiwandani: bodi huchovywa kwenye rangi, rangi iliyozidi inatokea hapo, kisha kila tundu linazibwa kwa kizibo cha mpira. Vizibo vya enzi za baba vilikuwa vimeoza vyote. Fundi bodi mmoja wa Masasi akanitumia vipya kwa basi, ndani ya mfuko wa sukari.

Cha kwanza nilikisukuma kwa bisibisi, kikapasuka. Cha pili kikapenya tundu moja kwa moja na kupotelea mchangani. Nikampigia fundi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeshaharibu vingapi?"

"Kimoja tu."

"Mpaka saa hizi kimoja tu? Basi una kipaji." Akacheka, kisha akanielekeza. "Kizibo kina mfereji pembeni. Ukingo wa bati lazima ulale ndani ya huo mfereji, kuzunguka wote. Paka maji ya sabuni, ingiza upande mmoja kwanza, halafu uzungushe kwa kidole gumba. Bisibisi irudishe ilikotoka."

Kidole gumba kilivimba, lakini vizibo vikakaa. Kuhakikisha, nikajifungia garini mchana kweupe, nikalala kifudifudi sakafuni na kujifunika blanketi, nione kama kuna mahali jua linapenya. Jirani akagonga kioo.

"Mmegombana?"

"Natafuta matundu."

"Haya. Nitaongea na shemeji."

Alhamisi ikanyesha mvua ya kwanza ya msimu. Nikatoka mbio kwenda kukagua kazi yangu. Sakafu kavu kabisa. Ila chini ya milango yote minne maji yalikuwa yanadondoka, tone kwa tone, kutoka kwenye matundu madogo ambayo sikuwa nimeyaona. Sasa, sisi tuliokulia huku juu Newala, tukipandisha maji kichwani kutoka bondeni, hatuwezi kuona kitu kinavuja tukanyamaza. Mkono unakwenda wenyewe. Nikakata ndala kuukuu vipande vipande, nikaziba kila tundu nikiwa nimelowa chapachapa, nikaingia ndani najisifu. Mvua ikaendelea mpaka jioni.

Jumamosi barabara ilikuwa imekauka, vumbi limerudi kazini. Mama mkwe akakaa nyuma, karibu na mlango, mke wangu mbele. Tulipofika kona ya kwanza ya mteremko, mlango ukasema chubwi.

"Mkwe," akasema mama, "umepakia mtungi?"

"Hapana, mama."

Kona ya pili, chubwi ya milango yote minne. Kwenye kioo nikaona kitambaa cha mlango wake kinatoa jasho, upana wa kiganja kimoja tu kutoka kwenye sare. Kwetu mama mkwe haambiwi sogea. Nikamnong'oneza mke wangu, "Mwambie mama akae katikati."

"Mwambie mwenyewe. Dereva si wewe?"

Nikakohoa. "Mama, pale katikati pana nafasi nzuri."

"Hapa pananitosha, baba."

Nikasimamisha gari, nikashuka kumpigia fundi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alikutuma kuziba milango? Maji ya mvua huingia kwenye mlango kupitia dirishani, lazima yapate pa kutokea. Ya sakafu unaziba, ya milango unaacha."

Nikapiga magoti, nikang'oa kipande cha kwanza cha ndala kwa koleo. Maji yakaruka.

"Yanamwagika hayo," akasema mama mkwe, naye keshashuka. "Leteni chombo."

Chombo pekee chenye mdomo mpana kilikuwa sufuria la zawadi ya harusi. Akalichomoa kwenye karatasi yake, akakunja pindo la sare kiunoni juu ya kitenge alichovaa ndani, akachuchumaa kukinga. Tukazunguka mlango hadi mlango, mimi nang'oa, yeye anakinga, mke wangu ameegemea boneti anacheka mpaka anajifuta machozi. Kijana wa bodaboda akapunguza mwendo.

"Shikamooni. Mnalikamua?"

"Marahaba," akajibu mama mkwe. "Pita, mwanangu, halijamaliza."

Maji akayamimina kwenye dumu tupu lililokuwa nyuma ya gari, dumu akalifunga, sufuria akalifuta na kulirudisha kwenye karatasi yake.

Mbele ya kanisa la Masasi mke wangu alimgeuza mama yake mara mbili. Akakagua mgongo, mikono, pindo. Akapitisha kidole kwenye kola, akakitazama kile kidole. Kilikuwa safi. Akatoa simu, akamwambia mnunuzi wa chuma chakavu asijisumbue kupita kwetu.

Mama mkwe alikuwa bado analitazama gari.

"Vumbi haliingii humu kabisa," akasema. "Jumamosi ijayo akina mama tunakwenda Lukuledi, na nyingine baada ya hapo Mnyambe. Mkwe, utatupitia saa kumi na mbili asubuhi."

Nikasema, "Ndiyo, mama."