Barua ya Ekegusii Kutoka Kambi ya Mbele

"Koplo, wewe mwenye digrii, hebu niambie: afisa atatiaje sahihi barua asiyoielewa?"

Meja aliniuliza hivyo siku yangu ya kwanza kazini, katika masjala ya kambi yetu ndani ya Somalia. Nilikuwa nimemhoji, nikiwa bado na kiburi cha chuo kikuu, kwa nini askari walazimishwe kuandika nyumbani kwa Kiswahili au Kiingereza tu.

Nimeacha jeshi nikiwa na miaka thelathini na nne, kwa hiyo wadogo zangu hucheka nikijiita mstaafu. Wacheke. Wanadhani askari wa siku hizi hupiga simu tu. Sisi tulikuwa kambi ya mbele, ile iliyo karibu zaidi na adui, na simu zilikusanywa tulipowasili, maana mawimbi yake huonyesha mlipo. Aliyetaka kusalimia kwao aliandika kwenye karatasi na kuileta kwangu ikiwa wazi. Nilifuta kwa wino mweusi majina ya mahali, idadi ya magari na siku za doria. Afisa akisha kutia sahihi, helikopta ya chakula iliibeba.

Meja alikuwa mtu wa Lamu, na Kiswahili changu kilimuumiza masikio.

"Profesa, 'magari imeharibika' ni lugha ya wapi?"

"Ya Keroka, afande."

"Basi Keroka wana kesi ya kujibu."

Barua yangu ya kwanza niliiandika kwa uangalifu ili asinicheke: "Mama mpendwa, natumaini barua hii itakukuta u buheri wa afya." Baada ya wiki tatu, mdogo wangu Ombati alijibu kutoka nyumbani Gesima, karibu na Keroka.

"Dada, kama kweli ni wewe. Bahasha ilikuja na muhuri wa serikali. Mama aliposikia nasoma Kiswahili, alikaa chini akaanza kulia kabla sijafika mstari wa pili. Unakumbuka ile barua ya jirani, ya kifo cha kijana wao polisi? Nayo ilikuwa ya Kiswahili. Nimemwambia uko mzima. Anasema hujamwita 'mama mpendwa' tangu uzaliwe, hayo wameandika wakubwa wako kutunyamazisha. Hachumi chai, na chakula anaonja tu. Anataka twende tukuchukue tukuzike."

Nilikimbia kwa Meja na karatasi mkononi. Aliisoma mara mbili.

"Nitaomba makao makuu wampigie mama yako simu."

"Afande, nambari ya jeshi ikiita nyumbani, mama atakufa kabla ya kuipokea! Niruhusu niandike kwa Kikisii chetu, Ekegusii."

"Na nani ataikagua? Wewe mwenyewe?"

"Sajini wa jikoni anatoka Nyamira. Akutafsirie yeye peke yake, mimi nikiwa nje. Halafu mimi nikutafsirie, yeye akiwa nje. Tukitofautiana neno moja, ichome."

"Kanuni inataka afisa aelewe. Haijataja koplo na mpishi."

"Kanuni haijamwona mama yangu, afande."

Akanifukuza. Sikulala vizuri. Asubuhi aliniita na kusema neno moja tu: "Andika."

Niliandika kama ninavyoongea jikoni kwetu. Nilimwita Baba, maana kwa Ekegusii mama huitwa baba, na baba huitwa tata. Nikauliza kama Ombati bado anachuma majani magumu akitegemea karani wa kituo cha chai hataona. Nikamwambia mama kama amemgawia shangazi blanketi langu, alirudishe kabla sijafika, sijafa.

Sajini alitafsiri huku akicheka. Mimi nikatafsiri bila kucheka. Maneno yakalingana, na Meja akatia sahihi.

Jibu la Ombati lilikuja baada ya wiki tatu nyingine. "Mama alinikatiza nilipofika kwenye blanketi. Alisema, 'Huyo ndiye. Hakuna serikali yenye mdomo kama huo.' Amekula ugali na mboga ya chinsaga mpaka nikaogopa. Sasa anazunguka na barua yako, na siku ya Sabato alisimamisha ibada ili isomwe. Mchungaji ameruka pale pa kunitukana."

Niliinua karatasi ile juu nikazunguka kambi nzima nikipiga kelele kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Kufikia mwisho wa mwezi, kila lugha ilikuwa na wakaguzi wawili wasiokaa pamoja, na mkoba wa posta ulikuwa mzito mara mbili. Wanaume waliokuwa wakiandika mistari minne ya salamu walijaza kurasa. Kati ya kazi zote nilizofanya jeshini, hiyo ndiyo ninayojivunia, na kwa miaka mingi niliwasimulia watu kwamba niliishinda kanuni kwa hoja.

Mwaka jana nilialikwa harusi katika familia ya wafanyabiashara wenye asili ya Pwani, Kisii mjini. Bibi harusi alikuwa mpwa wa Meja, ambaye amestaafu kweli, mvi na kila kitu. Nilimkumbusha jinsi hoja yangu ilivyomlegeza.

"Hoja gani, mwanangu? Niliipeleka makao makuu usiku uleule, wakaikataa."

"Sasa uliniruhusuje?"

Alikuwa amewaandikia tena alfajiri kwamba yeye mwenyewe anaelewa Ekegusii na atawajibika kwa kila neno. Lingevuja moja, cheo chake kingekwenda. Baadaye aliandika vivyo hivyo kuhusu Kikamba, Kiturkana na nyingine zote. Kwenye faili lake, mtu huyu wa Lamu anajua lugha tisa.