Kipimo cha Kuku na Kikombe

Mume wangu alikuwa dalali wa mahindi Kibaigwa. Aliweza kumjibu dereva wa lori kwa Kiswahili, akageuka kumtuliza mkulima kwa Kigogo, huku simu iko sikioni na mnunuzi wa Dar anamsubiri. Hakumchanganya yeyote na mwingine. Halafu siku moja akaanguka kutoka juu ya magunia, akaumia kichwa. Kidonda kilipona. Kwa sura alibaki yule yule, ila ukimkatiza katikati ya jambo, anaganda.

Tukaenda hospitali mjini Dodoma. Binti wa vipimo akamwamkia, akamwekea kishikwambi mbele. Ndani yake mlikuwa na programu ya kupima jinsi akili inavyohama kutoka jambo moja kwenda jingine. Sehemu ya chini ya kioo palichorwa kuku wa bluu na kikombe chekundu. Juu ingetokea picha, naye aguse kinachofanana nayo.

"Baba, kwanza fuata rangi."

Akafuata. Alipotokea kuku mwekundu, akagusa kikombe chekundu, hakukosea hata kidogo. Nikaanza kupumua.

"Vizuri sana. Sasa achana na rangi, fuata umbo. Kuku kwa kuku, kikombe kwa kikombe."

"Nimeelewa," akasema.

Kuku mwekundu akatokea. Mume wangu akatamka kwa sauti, "Kuku kwa kuku," na kidole chake kikaenda kwenye kikombe.

Kishikwambi kikalia. Akajaribu tena, polepole. Kikalia tena.

Akanigeukia mimi, si yule binti. "Mama watoto, najua kinapotakiwa kwenda. Najua kabisa."

Binti akakizima kishikwambi. Alisema mazoezi yanaweza kusaidia kidogo, ila kazi ya mambo mengi kwa mpigo asiitegemee tena. Nilitaka kubishana naye. Machozi yakanitangulia.

Nyumbani mume wangu akanipa simu yake mwenyewe, bila kuombwa.

"Wakipiga, sema nimesafiri."

Kesho yake akapiga mzee mmoja, mkulima wake wa miaka yote. Nikamwamkia, nikamwambia amesafiri.

"Anarudi lini, mwanangu? Mzigo wangu simwachii mtu mwingine."

"Hajaniambia, baba."

Mume wangu alikuwa mkekani karibu yangu, anapukuchua mahindi. Alisikia kila neno, wala hakuinua macho.